UZI: Dawa ni ya mti, au ni ya kuvu inayoishi ndani ya jani? Tujadili kuvu za ndani ya mimea na bakteria sugu

Mwanamaabara (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nyuzi za mwarobaini humu ndani haziishi, na ubishi huwa ni uleule: huyu anaapa umemponya, yule anasema ni imani tu. Mimi kazi yangu ni maabara, nakuza kuvu, na kuna kiumbe wa tatu ambaye sijaona akitajwa kwenye ubishi huo.

Chuma jani la mwarobaini, bichi, lisilo na doa. Lioshe, ua kila kilicho juu yake kwa spiriti na klorini, likate vipande uviweke kwenye agari (chakula kilichoganda cha kukuzia vijidudu). Baada ya siku chache, kwenye kingo zilizokatwa zitachomoza nyuzinyuzi, nyingine nyeupe, nyingine za kijivu, nyingine zenye wekundu. Hizo ni kuvu zilizokuwa zinaishi ndani ya jani, katikati ya seli zake, na mti ulikuwa hauumwi chochote. Mwanabotania Mjerumani Anton de Bary ndiye aliyeleta jina la endofiti mwaka 1866, na mimea mingi mno iliyochunguzwa tangu hapo imekutwa nazo, kuanzia nyasi hadi mikoko.

Mmea unaipa kuvu sukari na mahali pa kuishi. Kuvu nayo, katika mifano tunayoielewa vizuri, hulipa. Ziko nyasi za malisho zenye kuvu iitwayo Epichloë, inayotengeneza alkaloidi kali za kufukuza wadudu, na ng'ombe wakizila sana nao hudhurika. Kule Yellowstone, Marekani, kuna nyasi inayoota kwenye udongo uliochemshwa na chemchemi za moto. Ikinyang'anywa kuvu yake haihimili lile joto. Mwaka 2007 ikagundulika kwamba kuvu yenyewe lazima iwe imebeba kirusi fulani ndipo kinga hiyo itokee. Kila nikifikiria jambo hili huwa nashangaa upya.

Ila uzi huu nataka tubaki kwenye kemikali zinazoua bakteria. Humo ndani ya jani kuvu haiko peke yake. Kuna kuvu nyingine na kuna bakteria, wote wanagombania chakula kilekile. Kuvu ina nafasi nzuri ya kutengeneza sumu ya kuwaua bakteria bila kujiua, kwa sababu ukuta wa seli yake umejengwa kwa kitini na glukani, wakati ukuta wa bakteria umejengwa kwa kitu kingine kabisa. Ndiyo maana penisilini inayobomoa ukuta wa bakteria haiigusi kuvu iliyoitengeneza.

Turudi kwenye mwarobaini. Mwaka 2009 watafiti wa Varanasi, India, wakishirikiana na Gary Strobel wa Montana, walichapisha kazi yao juu ya kuvu ya jenasi Chloridium waliyoitoa ndani ya mizizi ya mwarobaini. Kuvu hiyo, ikikuzwa yenyewe kwenye chupa bila mti, ilitengeneza javanisini, kampaundi yenye rangi nyekundu. Javanisini iliwadhuru bakteria kadhaa, hasa Pseudomonas. Waliouguza mtu aliyeungua moto wanamjua Pseudomonas hata kama hawajui jina lake: ni yule anayeingia kwenye kidonda, usaha ukawa wa kijani, na dawa nyingi zikagonga mwamba.

Sisemi kwamba javanisini ndiyo siri ya mwarobaini. Mti wenyewe una kemikali zake, tena nyingi. Ninachosema ni kwamba tukichemsha mizizi, magome au majani tunachemsha viumbe zaidi ya mmoja, na hatujajiuliza nani kati yao ametengeneza nini. Swali hili lina uzito kwa miti inayobanduliwa magome mpaka inakauka. Kama kemikali ni ya kuvu, kipande kimoja cha gome kinatosha kuanzishia mbegu, halafu unakuza kwenye chupa na mti unabaki umesimama.

Karibuni.

Mfamasia_Pwani

Mkuu, uzi mzuri. Niongeze ya upande wa dukani. Kuvu kutupa antibayotiki si habari mpya: penisilini ya Fleming, 1928. Sefalosporini, ukoo wa seftriaksoni tunayodungwa kila hospitali, zilianzia kwa Giuseppe Brotzu aliyeikuta kuvu yake mwaka 1945 kwenye maji ya bahari pale majitaka ya mji wa Cagliari, Sardinia, yanapomwagika. Asidi ya fusidiki ya kupaka kwenye vidonda ni ya kuvu. Wafugaji wa kuku wanaonunua tiamulini wajue nayo chanzo chake ni uyoga, na ndugu yake lefamulini iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kutibu nimonia ya watu.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Kwa nini tuhangaike na kuvu za ndani ya majani, wakati za udongoni ndizo zimetulisha miaka yote?

Nauliza kwa sababu hali ni mbaya. Makadirio yaliyochapishwa 2022 yanasema mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria waliozizoea dawa, na kiwango cha juu kuliko kote kilikuwa Afrika Magharibi. Kila siku nasimama kaunta na mtu anataka vidonge vinne tu vya antibayotiki kwa sababu hela haitoshi dozi nzima. Namwelewa, lakini nikimwangalia anavyoondoka moyo unaniuma.

Mwanamaabara

Mfamasia, jibu ni kwamba udongo umechimbwa sana. Ukichukua kuvu ya udongo leo ukaikuza kwa njia za kawaida, uwezekano mkubwa ni kukutana na kampaundi ambayo wenzako waliiandika miaka ya 1960. Kuvu za ndani ya mimea hazijasakwa kwa kiasi hicho, na kila mmea una mkusanyiko wake. Misitu yetu ya Tao la Mashariki, Usambara na Uluguru, ina mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Kuvu zilizomo ndani yake hazijaorodheshwa hata robo.

Na mfano wa endofiti iliyofika hadi duka la dawa upo, ingawa si wa kuua bakteria. Kwenye majani ya mreteni huko Hispania ilipatikana kuvu ya jenasi Hormonema iliyotoa enfumafungini. Wanakemia wakaifanyia marekebisho, ikazaliwa ibreksafungepu, dawa ya fangasi za ukeni iliyoruhusiwa Marekani Juni 2021. Kwa upande wa bakteria bado tuko kwenye sahani za maabara, na sababu zake ni nzito. Ngoja nieleze mkasa mmoja.

Mwaka 2000 kundi la mwanakemia Jon Clardy lilitoa kampaundi iitwayo guanakastepini kutoka kwa kuvu iliyokuwa ndani ya mti wa Daphnopsis americana, eneo la Guanacaste, Kosta Rika. Iliua Staphylococcus aureus sugu, yule anayeitwa MRSA, na bakteria enterokokasi asiyesikia dawa ya vankomaisini. Umbo lake halikufanana na antibayotiki yoyote iliyojulikana, na wanakemia wakashindana kuitengeneza upya kwenye maabara zao. Kisha ikaonekana inapasua seli nyekundu za damu. Ilikuwa inaua bakteria kwa kutoboa utando wa seli, na utando wa seli ya binadamu nao haukusalimika. Ikaishia hapo.

Kuvu iko karibu zaidi na sisi kiukoo kuliko bakteria alivyo karibu na yeyote kati yetu. Sumu zake nyingi zinatupata na sisi.

Mzee_wa_Miti

Wanangu, mimi ni mganga wa tiba asili, si wa maabara, ila nimesoma yote. Sisi tunajua tangu kwa wazee wetu kwamba mti uleule ukiuchuma bondeni na ukiuchuma mlimani hauna nguvu sawa. Kuna dawa hatuichimbi masika. Kuna mti mchanga hatuugusi mpaka ukomae. Je, hao wadudu mnaowasema ndani ya jani wanaweza kuwa ndiyo sababu?

Mwanamaabara

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote humu.

Inawezekana, kwa sehemu. Kuvu nyingi za majani haziji na mbegu. Jani linapochanua ni tupu, kisha mbegu za kuvu zinalifikia kwa upepo na matone ya mvua, na kadiri jani linavyozeeka ndivyo wapangaji wanavyoongezeka. Kwa hiyo umri wa jani, mvua, miti jirani, vyote vinabadilisha nani yumo ndani. Mti wa bondeni na wa mlimani, hata wa mbegu moja, hauna kuvu zilezile. Lakini pia udongo, jua na kiu vinabadilisha kemikali za mti wenyewe, na anayetaka kusema hii ni kazi ya kuvu lazima atenganishe hayo mawili. Kipimo chake kinafanyika: unachukua mti wa bondeni na wa mlimani, unapima kemikali ya dawa katika yote miwili, unatoa kuvu zao na kuona kama ipo inayoitengeneza peke yake. Maarifa yako ya wapi na lini pa kuchuma ndiyo yangemwambia mtafiti aanzie mti upi. Bila hayo anachuma kwa kubahatisha.

Mzee_wa_Miti

Marahaba mwanangu. Hapo umesema. Ila huwa wanakuja, wanauliza, wanaandika, halafu hatuwaoni tena.

Neema_Uzamili

Habari zenu wote. Dada Mwanamaabara (samahani kama ni kaka), niko uzamili na tasnifu yangu ni hii hii. Nimetoa kuvu kwenye majani ya mlilana, ule mkoko wa mbele kabisa baharini. Moja imenipa duara safi (eneo ambalo bakteria hawakuota) la milimita 18 dhidi ya Staphylococcus aureus. Nimefurahi sana, ila msimamizi ameniambia nisiandike chochote kwanza. Naomba mniambie ni nini kinakosekana.

Mwanamaabara

Dada ndiyo. Hongera Neema, na msimamizi wako ni mtu makini.

Kwanza, una uhakika ilikuwa ndani? Maji ya mwisho ya kusuuzia jani, baada ya spiriti na klorini, ulitakiwa uyamwage kwenye sahani nyingine ya agari. Kama kuna kilichoota pale, basi usafishaji haukutosha na kuvu yako huenda ilitua tu juu ya jani kutoka hewani.

Pili, na hili linawaponza wengi: agari ya kutolea kuvu kwa kawaida tunaitia antibayotiki ya kloramfenikoli ili bakteria wasiote. Je, kuvu uliihamishia kwenye agari safi isiyo na dawa kabla ya kuikuza kwa ajili ya kukamua, yaani kutoa kemikali zake kwa kiyeyushi? Kama hapana, lile duara la milimita 18 linaweza kuwa la kloramfenikoli uliyoiweka kwa mkono wako. Kwa kuwa kuvu huwa tunazikuza kwenye mchele, kamua pia mchele mtupu, uliopita kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke), usio na kuvu, kwa kiyeyushi kilekile cha ithaili aseteti, na uupime pembeni. Kisha weka kidoti cha kiyeyushi peke yake. Vyote viwili vikinyamaza, ndipo uanze kuiamini kuvu.

Tatu, ukubwa wa duara unakudanganya. Kampaundi ndogo inayoyeyuka vizuri majini inasambaa haraka kwenye agari na kutoa duara kubwa hata kama ni dhaifu. Kubwa na yenye mafutamafuta inabaki palepale kwenye karatasi hata kama ni kali. Pima kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota, kwa mikrogramu kwa mililita. Halafu mjaribu E. coli. Staphylococcus hana utando wa nje, ni rahisi kumfikia. E. coli na Pseudomonas wana utando wa pili na pampu za kutema dawa, na hao ndio wanaotusumbua wodini. Mlilana ulishachunguzwa: kutoka mlilana wa Hainan, China, kuvu ya jenasi Alternaria ilitoa kampaundi mpya mbili mwaka 2009, na dhidi ya Staphylococcus sugu zilikuwa dhaifu. Kwa hiyo soma kazi hiyo, na utume kamuo lako kwenye kipimo cha uzito wa molekuli mapema ili ujue kama unachokifukuzia kina jina tayari.

Nne, kabla hujaenda mbali, changanya kamuo na seli nyekundu za damu zilizooshwa kwa maji ya chumvi. Ni kipimo cha bei ndogo sana. Kama maji yanageuka mekundu, unajua una guanakastepini nyingine mkononi.

Chakubanga_wa_Temeke

Mimi niulize la mtaani. Kama kuvu inaota kwenye mchele, kinatuzuia nini kuotesha wenyewe nyumbani, tukausha, tukasaga, watu wakatumia? Vijana wapate na ajira.

Mwanamaabara

Ndugu yangu, tafadhali usifanye hivyo, na usimruhusu mtu afanye.

Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye kuvu. Sumu ya kuvu ile, Aspergillus flavus, haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 ikatukuta na sisi, Dodoma na Manyara. Sasa, kuvu iliyotoka kwenye jani la dawa haijui kuwa ni ya dawa. Fusarium, Alternaria, Aspergillus, wote hao hukaa ndani ya mimea mizima, na wote wana sumu zao. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Hata mimi siwezi, natuma vinasaba vikasomwe. Kati ya kuvu na kidonge kuna kutenganisha kampaundi moja, kujua umbo lake, kupima seli, kupima wanyama, kupima watu. Hakuna hatua hapo ya kufanyia jikoni.

Mswahili_Bonn

Nawasalimu kutoka Ujerumani. Niongeze tahadhari kwa wanaopenda hoja ya "kuvu inatengeneza dawa ya mti". Mwaka 1993 jarida la Science lilitoa kazi ya Andrea Stierle, Strobel na Donald Stierle: kuvu waliyoiita Taxomyces andreanae, ndani ya gome la mti wa Taxus brevifolia, inatengeneza taksoli, ile dawa ya saratani ya mti huohuo. Dunia ilisimama, maana miti ile ilikuwa inakatwa sana. Miaka 20 baadaye, 2013, kundi jingine lilichunguza vinasaba vya kuvu za namna ile na halikukuta jeni za kutengenezea taksoli. Ubishi haujaisha, lakini viwanda havikungoja: taksoli leo inapatikana kwa kurekebisha kampaundi ya majani, au kwa seli za mmea zinazokuzwa kwenye matangi.

Kwa hiyo, Neema, zisome jeni. Kamuo linaweza kubeba mabaki ya mmea, jeni haziwezi.

Wakili_Mdogo

Mzee wa Miti amesema neno na limepita kimya kimya, nalirudisha. Mwaka 1999 watafiti wa kampuni ya dawa ya Merck walitangaza kwenye Science kampaundi ya kuvu iliyoshusha sukari ya panya wenye kisukari kwa kumezwa, bila sindano. Kuvu ilitoka kwenye majani ya mmea ambao hata jina halikutambuliwa, uliochumwa karibu na Kinshasa. Haikufika kuwa dawa. Ila jiulizeni, ingefika, aliyechuma Kinshasa angepata nini?

Kenya wameyaonja haya kwa vijidudu vya maziwa ya magadi. Vilichukuliwa mwaka 1992, vimeng'enya vyake vikaingia viwandani, na mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya likadai fungu lake hadharani. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kazi Oktoba 2014, inasema kibali na mgawo vikubaliwe kabla sampuli haijaondoka, na inatambua pia maarifa ya jamii kama ya Mzee hapa. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Kwa hiyo Neema, kama msimamizi mwenza yuko nje na anaomba umtumie kuvu, usiweke kwenye bahasha. Kuna COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania), kuna mkataba wa kuhamisha sampuli. Na jina la aliyekuonyesha mti liandikwe kwenye mkataba, lisiishie kwenye ukurasa wa shukrani.

Mzee_wa_Miti

Mwanangu wakili, nakushukuru. Nitakutafuta.

Neema_Uzamili

Asanteni sana wote. Kamuo la mchele mtupu nimelipima leo, halina duara. Ila nina shida mpya. Kuvu niliihamisha hamisha kwenye sahani mpya mara kadhaa, na sasa duara linapungua. Kamuo la karibuni halikuzuia kitu. Nimeiua?

Mwanamaabara

Hujaiua. Ni tatizo la kila anayefuga endofiti. Ikiwa ndani ya jani ilikuwa na maadui na ishara za mmea. Kwenye sahani ina sukari tele na haina wa kupigana naye, basi jeni za silaha zinazimwa. Jaribu kubadilisha mazingira. Axel Zeeck na wenzake wa Göttingen walionyesha mwaka 2002 kwamba kuvu moja ya Aspergillus, kwa kubadilishiwa tu chakula, hewa na chombo, ilitoa kampaundi zaidi ya kumi ambazo awali haikuzitoa. Wewe jaribu kuipunguzia sukari, itie chumvi kwa kuwa imetoka mkokoni, weka unga wa majani ya mlilana kwenye chakula chake, au ikuze pamoja na bakteria hai upande wa pili wa sahani.

Kisha rudi kwenye kizazi cha kwanza ulichokitoa kwenye jani. Natumaini ulikihifadhi. Kama chuo kina friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vipande vyako vitie kwenye gliserini. Kama umeme wenu ni wa kukatika, iko njia ya Aldo Castellani, yule Mwitalia aliyekuwa Entebbe mwaka 1902 akichunguza malale. Mwaka 1939 alionyesha kuwa kuvu huishi ndani ya maji matupu yaliyotakaswa. Kata vipande vidogo vya agari yenye kuvu changa, vitumbukize kwenye chupa ndogo ya maji yaliyopita otoklevu, kaza kifuniko, andika tarehe, mti, na mahali ulipochuma. Weka kabatini, mbali na jua. Kuvu nyingi zinakaa hivyo kwa miaka bila friza. Fanya chupa tano za kila kuvu, na moja umkabidhi msimamizi kabla ya wikiendi.